Waya wa vizimba unaoua bakteria na kustahimili kutu: mkaguzi wa hataza ataangalia nini?

Swali: Karakana yetu iko Kenya na tunatengeneza vizimba vya kuku. Tunachukua waya wa chuma wa milimita 2.5 uliochovywa zinki, tunaupaka poda ya poliesta na kuuoka. Ndani ya poda tunachanganya zeolaiti (unga wa madini wenye vitundu vidogo sana vinavyoshika na kuachia ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme) yenye madini ya fedha, asilimia 1 hadi 3, ili kuua bakteria. Kuna jambo hatukulitarajia: waya wenye zeolaiti unachelewa kushika kutu kuliko ule wenye poda tupu. Miezi saba iliyopita tulimuuzia mfugaji mmoja vizimba vichache vya majaribio. Tunataka hataza. Mkaguzi ataangalia nini, na tuna nafasi gani?

Jibu: Nafasi mnayo, ila haiko kwenye bakteria. Iko kwenye lile mlilolitaja kama jambo la pembeni, kwamba waya wenye fedha unachelewa kushika kutu. Mkaguzi akipokea ombi linalosema tu "waya usioshika kutu na unaoua bakteria", hatatafuta mbali sababu za kulikataa. Akipokea ombi linaloonyesha kwa vipimo kwamba fedha, ambayo kila mtu wa fani angetarajia iharakishe kuliwa kwa zinki, hapa imefanya kinyume, atakuwa na kazi ngumu zaidi ya kulipinga. Jengeni ombi lenu juu ya hilo.

Lakini tarehe kwanza, maana tarehe haisubiri. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya 2001 hupima upya wa uvumbuzi kwa kila kilichowekwa wazi popote duniani, iwe kwa maandishi, kwa mdomo, kwa kutumiwa au kwa kuonyeshwa. Kuuza kizimba ni kukiweka wazi: mnunuzi asiyefungwa na mkataba wa siri anaweza kukata kipande cha waya, akakipeleka maabara, na fedha ikaonekana. Kifungu cha 23 kinawapa afueni, kwa kuwa utangazaji uliotokana na mwombaji mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya tarehe ya kuwasilisha ombi hauhesabiwi dhidi yake. Mmebakiwa na miezi mitano. Marekani nao hutoa mwaka mmoja. Ulaya ni hadithi nyingine: huko afueni ni ya miezi sita tu, na ni kwa aliyesalitiwa siri yake au aliyeonyesha kwenye maonyesho rasmi ya kimataifa yanayotambuliwa. Mauzo ya kawaida hayamo. Waya uleule mliouza hamwezi tena kuupatia hataza Ulaya. Mkifikiria kupitia ARIPO, shirika la mali ubunifu la kanda ya Afrika, ili mpate Uganda, Tanzania na Rwanda kwa ombi moja, msidhani afueni ya Kenya inawafuata huko. Itifaki ya Harare, mkataba unaoongoza hataza za ARIPO, ina kanuni zake za upya, na hilo mlizungumze na wakala kabla ya kulipa chochote.

Angalieni vilevile ni nini hasa mlichouza. Kama vizimba vile vilikuwa na asilimia 1 ya zeolaiti, na kumbe utendaji mzuri uko kwenye asilimia 2 na kwa ukubwa fulani wa chembe, basi kile ambacho hakikuwamo kwenye waya ule bado ni kipya kila mahali. Tafuteni kumbukumbu za mchanganyiko wa siku ile. Na kuanzia sasa, kizimba kisitoke karakanani bila karatasi ya siri iliyotiwa sahihi.

Sasa utafutaji. Mkaguzi haanzi kwa kuandika maneno kwenye intaneti na kusubiri bahati. Anaanza na alama za uainishaji wa kimataifa wa hataza, kwa sababu alama hazijali lugha. Kwa waya wenu atafungua C23C 2/06 (kuchovya kwenye zinki) pamoja na C23C 2/38 (nyaya na mabomba), C09D 5/08 (rangi za kuzuia kutu), C09D 5/14 (rangi zenye viua vijidudu), A01N 59/16 (viua vijidudu vya metali nzito, ambako fedha imo) na A01K 31 (mabanda na vizimba vya ndege). Kisha anazikutanisha mbilimbili: A01N 59/16 na C09D 5/08, halafu A01N 59/16 na C23C 2/38. Nyinyi mnaweza kufanya hivyohivyo bila malipo kwenye Espacenet na Patentscope, hifadhi za hataza zilizo mtandaoni. Msiziruke nyaraka za Kichina, Kijapani na Kikorea, maana fani hii imejaa nyaraka hizo. Namba ya Kichina inayoishia na herufi U ni modeli ya matumizi (aina ya hataza ndogo yenye masharti mepesi) ambayo huenda haikuchunguzwa kwa kina, lakini kwa mkaguzi wenu ni ushahidi kamili wa kilichokwisha kujulikana. Tumieni tafsiri ya mashine, na msiishie kwenye muhtasari. Someni mifano na majedwali, kwa sababu huko ndiko asilimia zinakoandikwa.

Mtakutana na mengi. Waya wa zinki wenye tabaka la plastiki ni bidhaa ya zamani yenye kiwango chake cha Ulaya, EN 10245. Zinki yenye asilimia 5 au 10 ya aluminiamu inatumika kwenye nyaya kwa miongo kadhaa. Viwanda vya Japani vilitengeneza chuma cha pua chenye shaba cha kuzuia bakteria katika miaka ya 1990, na bamba za chuma zilizopakwa rangi yenye zeolaiti ya fedha ziliingia sokoni Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Poda za kuoka zenye viua bakteria zinauzwa tayari. Kila kipande cha uvumbuzi wenu, kikitazamwa peke yake, kinajulikana. Hilo lisiwavunje moyo, kwa sababu uvumbuzi mwingi duniani umetokana na vitu vilivyokuwepo. Ila lazima mjue mnasimama wapi.

Hapo ndipo inakuja hatua ya kiuvumbuzi, yaani sharti kwamba uvumbuzi usiwe jambo ambalo mtu wa fani angelifikia kwa urahisi, na ndipo maombi mengi ya aina hii hufia. Mkaguzi atachukua waraka mmoja ulio karibu zaidi nanyi, tuseme waya wa zinki wenye poda ya poliesta. Atauliza: tofauti ni nini? Zeolaiti ya fedha. Tofauti hiyo inaleta nini? Mkijibu "inaua bakteria", tatizo lililotatuliwa linakuwa "namna ya kuufanya waya uliopakwa uue bakteria", na waraka wa pili mkononi mwake unasema tia zeolaiti ya fedha kwenye rangi. Mchezo umekwisha. Zinki inafanya kazi yake ya kutu, fedha inafanya kazi yake ya bakteria, hakuna inayomsaidia mwenziwe. Huo ni mkusanyiko wa vitu viwili, na mkusanyiko hauna hatua ya kiuvumbuzi hata ukiuzwa kama maji jangwani.

Mkijibu "inachelewesha kutu", hesabu inabadilika, na sababu yake ni kemia. Zinki hulinda chuma kwa kujitoa: ni metali dhaifu kuliko chuma, kwa hiyo huliwa yenyewe kwanza. Fedha ni metali ngumu kuliwa kuliko zote mbili. Ioni ya fedha ikipenya tabaka la poliesta na kuifikia zinki, hunyang'anya elektroni na kugeuka doa la metali ya fedha juu ya zinki. Doa hilo linakuwa kathodi ndogo (upande unaopokea elektroni kutoka kwa zinki), na zinki iliyolizunguka inayeyuka kwa kasi zaidi. Kwa hiyo fundi wa fani anayetaka waya udumu ana sababu ya kuogopa kuweka fedha karibu na zinki. Mkionyesha kwamba kwa mpangilio wenu fedha ipo na waya unadumu zaidi, mmeonyesha matokeo yasiyotarajiwa. Elezeni hofu hiyo ndani ya ombi lenyewe, kwa maneno yenu, kabla ya kuweka vipimo.

Tahadhari kubwa iko hapa. Je, ni fedha iliyochelewesha kutu, au ni zeolaiti? Vijazio vinavyobadilishana ioni, kama silika yenye kalisiamu, hutumika kwenye rangi kama vizuia kutu badala ya kromati, na zeolaiti ni ndugu zao kwa tabia. Mkaguzi makini atasema: mlichokiona ni kazi ya zeolaiti, ambayo inajulikana. Au atasema waya wenye zeolaiti ulikuwa tu na tabaka nene zaidi. Data mliyonayo sasa, ya poda tupu dhidi ya poda yenye zeolaiti ya fedha, haiwezi kumjibu.

Tengenezeni makundi matano kutoka koili moja ya waya: zinki tupu, zinki na poda tupu, zinki na poda yenye zeolaiti ya sodiamu isiyo na fedha, kwa asilimia ileile, zinki na poda yenye zeolaiti ya fedha, na zinki na poda yenye fedha ya metali ya kusagwa, kwa kiasi kilekile cha fedha. Kundi la tatu linatenganisha zeolaiti na fedha. Kundi la tano linaonyesha ile hofu ya fundi ikitokea kweli. Kama kundi la nne linashinda la tatu, mna uvumbuzi wenye miguu. Kama yanalingana, basi kinachochelewesha kutu ni zeolaiti, na mnapaswa kulijua hilo kabla ya mkaguzi, ili mtafute tegemeo lingine: pengine ukubwa wa chembe, pengine tabaka la fosfati lililo kati ya zinki na poda.

Pimeni zinki ya kila koili, msiamini cheti cha muuzaji peke yake. Ondoeni kwanza poliesta kwa dawa ya kubandua rangi, pimeni uzito wa kipande, kiyeyusheni zinki kwenye asidi ya hidrokloriki iliyotiwa kizuizi ili chuma kisiliwe, hadi mapovu yakome, suuzeni, kausheni, pimeni tena. Uzito wa zinki kwa gramu kwa mita ya mraba ni 1962, mara kipenyo cha waya uliobaki kwa milimita, mara uzito uliopotea, gawanya kwa uzito uliobaki. Waya wenye kipenyo cha 2.50 baada ya kuyeyushwa zinki, urefu wa milimita 300, hubaki na gramu 11.56 hivi. Ukipoteza gramu 0.30, zinki ni gramu 127 kwa mita ya mraba, sawa na mikroni 18 hivi. Ukipoteza 0.36, ni gramu 153. Tofauti ya gramu 0.06 kwenye mizani imeongeza zinki kwa moja ya tano, na tofauti hiyo peke yake inaweza kuchelewesha kutu bila fedha kuhusika. Ndiyo maana koili iwe moja.

Kutu yenyewe pimeni ndani ya ukungu wa chumvi, kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 9227: gramu 50 za chumvi kwa lita, nyuzi 35 za Selsiasi, pH kati ya 6.5 na 7.2 kwenye maji yanayokusanywa, na mililita 1 hadi 2 kwa saa kwa kila sentimita 80 za mraba. Waya una shida ambayo bamba halina, yaani ncha zilizokatwa. Pale chuma kiko uchi, kutu nyekundu huanza upesi na kutiririka juu ya sehemu nzima, na matokeo yote yanachafuka. Zibeni ncha kwa epoksi au nta kabla ya kuanza. Vipande visigusane. Wekeni vipande vilivyonyooka na vilivyozungushwa kwenye fimbo, kwa sababu kizimba kina kona, na poliesta ngumu hupasuka kwenye kona. Kama wavu unachomelewa baada ya waya kuchovywa zinki, jaribuni pia makutano ya kuchomelea, kwani pale zinki imeshaungua. Andikeni saa ya kutu nyeupe ya kwanza (ya zinki) na saa ya kutu nyekundu (ya chuma), kwa kila kipande, siyo wastani peke yake.

Tundu ndogo kwenye poliesta ni adui mwingine. Zinki iliyochovywa huachia gesi inapookwa, kwenye nyuzi 180 hadi 200, na gesi hiyo hutoboa tabaka likiwa bado laini. Pasheni waya moto kabla ya kupaka ili gesi itoke mapema. Mkifanya hivyo kwa kundi moja na kusahau jingine, mmepima matundu, hamkupima fedha.

Upande wa bakteria, kipimo kinachojulikana ni ISO 22196: matone ya bakteria, kwa kawaida Staphylococcus aureus na Escherichia coli, juu ya kipande cha milimita 50 kwa 50, yanafunikwa na filamu na kukaa saa 24 kwenye nyuzi 35 na unyevu usiopungua asilimia 90. Mmeshaliona tatizo: kipimo kinataka uso ulio bapa, na waya ni wa mviringo. Njia ya kweli ni kupaka poda ileile, kwa unene uleule na kuoka kuleule, juu ya bamba la chuma lenye zinki, na kusema waziwazi kwenye ombi kwamba sampuli zilikuwa bamba. Kulificha hilo ni kumpa mpinzani silaha siku ya kesi. Kundi la kulinganisha liwe poda isiyo na fedha. Msilinganishe na zinki tupu, kwani zinki yenyewe hudhuru bakteria na itavuruga hesabu. Thamani ya 2 kwenye kipimo hiki maana yake ni bakteria kupungua kwa asilimia 99 kulinganisha na kundi hilo.

Na kizimba si maabara. Kinyesi cha kuku kina amonia, kloridi na salfa. Kloridi na salfa huifunga fedha kuwa chumvi zisizoyeyuka kwa urahisi, na amonia hushambulia zinki. Loweka sampuli kwenye maji yenye amonia na chumvi kwa siku kadhaa, kisha rudieni kipimo cha bakteria. Mkiwa na safu hiyo kwenye jedwali, neno "kizimba cha kuku" kwenye madai (sentensi za ombi zinazotaja mnachotaka kilindwe) linakuwa na uzito. Msiandike popote kwamba waya unazuia salmonela kama hamkupima salmonela. Wala msidai "njia ya kukinga kuku dhidi ya ugonjwa", kwa kuwa njia za tiba na kinga kwa mwili wa binadamu au mnyama hazipewi hataza Kenya wala Ulaya. Daini waya, daini wavu, daini namna ya kuutengeneza.

Dai la kwanza ndilo roho ya ombi. Baya ni hili: "Waya wa chuma wenye tabaka la kinga, usioshika kutu na unaoua bakteria." Linataja matokeo na kunyamaza juu ya njia, na mkaguzi atalirudisha kwa kukosa uwazi. Zuri linafanana na hili: waya wa chuma chenye kaboni kidogo, wenye tabaka la zinki la gramu 120 hadi 260 kwa mita ya mraba, na juu yake tabaka la poliesta lililookwa la mikroni 60 hadi 100, ambamo mna zeolaiti yenye ioni za fedha, asilimia 1 hadi 3 ya uzito wa tabaka kavu, chembe zake zikiwa chini ya mikroni 5. Tarakimu hizo ni za mfano, wekeni zenu. Baada yake yafuate madai tegemezi yanayobana hatua kwa hatua: asilimia 1.5 hadi 2.5, kiasi cha fedha ndani ya zeolaiti, tabaka la fosfati la kati. Hizo ndizo ngazi za kushukia dai la kwanza likianguka.

Kila mpaka wa tarakimu uwe na mfano nyuma yake. Mkidai 1 hadi 3, jaribuni 0.5, 1, 2, 3 na 5. Ile 0.5 isiyoua bakteria vya kutosha na ile 5 inayoharibu tabaka si aibu. Ndizo zinazomwonyesha mkaguzi kwamba mipaka yenu haikuchaguliwa ovyo. Andikeni yote siku ya kwanza, kwani baada ya kuwasilisha hamruhusiwi kuongeza jambo jipya kwenye maelezo. Data ya baadaye husaidia tu kuunga mkono faida ambayo mtu wa fani angeiona ndani ya mafundisho ya ombi la awali. Huo ndio msimamo wa Bodi Kuu ya Rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya katika uamuzi G 2/21 wa Machi 2023. Kama ombi la awali halikugusia kutu hata kidogo, jedwali la kutu la mwaka ujao halitawaokoa.

Kuhusu njia ya kupita: wasilisheni Kenya ndani ya ile miezi mitano. Tangu siku hiyo mna miezi 12 ya kudai kipaumbele katika nchi nyingine, yaani ombi la huko lihesabiwe tangu tarehe ya Kenya, na kupitia PCT, mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza, mnaweza kusogeza maamuzi ya nchi nyingi hadi miezi 30. Kipaumbele hakifuti mauzo yenu, maana mauzo yalitangulia. Ukaguzi wa kina haufanyiki wenyewe: uombeni ndani ya miaka mitatu tangu kuwasilisha, vinginevyo ombi huhesabiwa limeachwa.

Kama data ya kundi la nne itatoka dhaifu, kuna cheti cha modeli ya matumizi. Kenya hakidai hatua ya kiuvumbuzi, kinadai upya na matumizi ya kiviwanda, na hudumu miaka 10 badala ya 20 ya hataza. Sheria inaruhusu ombi la hataza kugeuzwa kuwa la modeli ya matumizi kabla halijaamuliwa, kwa hiyo anzeni na hataza. Ripoti ya kwanza ya mkaguzi ikija na kusema hakuna hatua ya kiuvumbuzi, mjibuni kwa kumwonyesha kundi la tatu na la nne kwenye jedwali lililokuwa ndani ya ombi tangu mwanzo, saa kwa saa. Mkiona hamna tofauti ya kumwonyesha, ndipo mgeuze.